Mvuto wa dohani: kinachopandisha moshi na kinachourudisha sebuleni

Mvuto wa dohani ni nguvu inayouvuta moshi kutoka kwenye moto wa ndani ya nyumba na kuutoa juu ya paa. Nguvu hiyo haitoki kwenye tofali. Inatokana na tofauti ya joto: hewa iliyopata moto hutanuka na kuwa nyepesi, na hewa baridi iliyo nzito zaidi huisukuma juu. Tofauti ikiwa kubwa, moshi hupanda kwa kasi. Ikipungua, moshi husita, kisha hujaa sebuleni.

Tupige hesabu kwa nyumba iliyoko Njombe, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, jioni ya Julai yenye nyuzi joto 10. Kwenye mwinuko huo mita moja ya ujazo ya hewa baridi ina uzito wa karibu kilo moja. Ikipata moto hadi nyuzi 150, inabaki na takriban gramu 660. Dohani yenye kimo cha mita 5 na tundu la sentimita 25 kwa 25 hubeba chini kidogo ya theluthi ya mita ya ujazo. Kwa hiyo tofauti yote ya uzito, ambayo ndiyo nguvu yote inayopandisha moshi, ni kama gramu 100. Gramu mia moja tu! Ndiyo maana kiota cha ndege, tofali lililochomoza ndani au tabaka la masizi linatosha kuishinda. Dohani hiyohiyo ikijengwa usawa wa bahari, kwa joto lilelile, ingevuta kwa takriban robo zaidi, kwa sababu hewa ya huko ni nzito. Fundi wa nyanda za juu anayenakili ramani ya nyumba ya mahali pa chini anaanza na upungufu huo, na dawa yake ni kuongeza kimo.

Naandika haya kwa sababu ya jambo linaloniumiza. Iringa, Mafinga, Tukuyu na Mbeya zipo nyumba za misheni, za mashamba ya chai na za serikali zilizojengwa zamani zikiwa na dohani. Dohani ikianza kurudisha moshi, mwenye nyumba huiona imekufa. Anaziba mdomo kwa matofali, anapiga plasta, kisha baridi ya Juni ikibana anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa uliokolea hautoi moshi, kwa hiyo watu huuamini. Lakini unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala hapati hata nafasi ya kuhisi dalili hizo. Akikutwa katika hali hiyo atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali. Moshi ulikuwa ukimkera, lakini angalau ulikuwa ukimwambia kwamba pana tatizo. Dohani nyingi zilizozibwa zingeweza kupona kwa kazi ya siku moja.

Kabla ya kumwita fundi, washa moto, moshi ukianza kurudi fungua dirisha la chumba hicho kwa upana wa vidole viwili. Moshi ukigeuka na kupanda, dohani yako ni nzima. Nyumba ndiyo inayokosa hewa. Kila hewa inayotoka juu lazima nyingine iingie kuchukua nafasi yake. Nyumba ya nyasi haikuwa na shida hii, moshi ulipenya kwenye ezeko na upepo uliingia kila upande. Nyumba ya leo ina bati, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu na milango iliyobana sakafuni. Ukiifunga yote, moto unavuta hewa kutoka mahali pekee palipobaki wazi, yaani kutoka juu ya dohani yenyewe, na moshi unashuka nayo. Tiba ya kudumu ni kutoboa tundu la hewa ukutani karibu na moto na kuliwekea wavu wa panya. Tundu hilo lisije likazibwa na tambara kwa sababu linapitisha baridi. Hewa hiyo ndiyo inayoutoa moshi nje.

Dirisha lisiposaidia, tazama vipimo. Eneo la tundu la dohani liwe angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa moto. Mdomo wa sentimita 80 kwa 70 una eneo la sentimita za mraba 5,600, hivyo tundu lisipungue 560; lile la 25 kwa 25 lina 625 na linatosha. Wengi hujenga mdomo mpana kwa ajili ya urembo, kisha wanasahau kupanua tundu. Hapo huhitaji kubomoa dohani: pandisha sakafu ya moto kwa safu moja au mbili za matofali, au shusha kizingiti cha juu, mdomo upungue.

Juu ya paa, ncha ya dohani ipite paa kwa angalau sentimita 90 pale inapotokeza, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3. Ikiwa chini ya hapo, upepo unaovuka kipeo cha paa unapinda na kuusukuma moshi chini. Mwenye dohani ya ukuta wa nje ana shida moja zaidi, kwa sababu matofali yake hupoa usiku kucha. Kabla ya kuwasha kuni, achome gazeti lililokunjwa na kulishikilia juu kwenye koo la dohani, yaani sehemu nyembamba iliyo juu ya moto, kwa dakika moja mpaka hewa ya ndani ianze kupanda.

Sasa kuni, na hapa ndipo ukanda wetu unapojiumiza zaidi. Mabanzi ya misindano kutoka viwanda vya mbao vya Mufindi yanapatikana kirahisi, na mengi huchomwa yakiwa bado mabichi. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Moshi unaotoka ni wa baridi, mvuto unapungua, na mvuke wake ukigusa ukuta wa dohani unaganda kuwa masizi meusi ya kunata kama lami. Masizi hayo yanawaka. Yakishika moto, joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000, na hapo kenchi na papi zilizogusana na tofali ndizo zinazoanza kuungua. Acha nafasi ya angalau sentimita 5 kati ya mbao za paa na dohani.

Msindano wenyewe hauna kosa ukikauka. Pasua mvua zinapokatika Mei, panga kuni juu ya magogo zisiguse ardhi, zifunike juu tu ili upepo upite pembeni, uzitumie msimu wa baridi wa mwaka unaofuata. Mlingoti unataka muda zaidi. Kuni kavu ina nyufa kwenye ncha, ni nyepesi mkononi, na ukigonganisha vipande viwili vinalia sauti kavu.

Usafi ni mara moja kwa mwaka, Mei kabla ya baridi, au mapema zaidi masizi yakifikia unene wa milimita 3. Brashi ya waya inayofungwa kamba na kizito chini yake inatosha. Wapo wanaosafisha kwa kuwasha moto mkubwa ili masizi yaungue yenyewe. Wasifanye hivyo, wanachoma dohani makusudi. Ukiwa juu ya paa kagua pia nyufa na bati linaloziba kiungo cha dohani na paa, maana maji ya mvua yakipita hapo yanalowesha tofali na tofali lenye maji haliwahi kupata moto vizuri. Nyufa za sehemu ya moto zijazwe kwa udongo wa kichuguu. Saruji ya kawaida hupasuka tena kwa joto.

Mwenye uwezo wa kuboresha na aanzie kwenye umbo la sehemu ya moto. Mwishoni mwa karne ya 18, mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alionyesha kwamba sehemu ya moto yenye kina kifupi, kuta za pembeni zilizolala kwa mshazari na koo jembamba hurudisha joto zaidi chumbani na kuvuta moshi vizuri zaidi. Fundi mzuri wa matofali anaweza kuibadilisha sehemu ya ndani hivyo bila kugusa paa. Hatua inayofuata ni jiko la chuma lenye mlango, lililounganishwa na dohani kwa bomba la chuma. Moto wa wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake juu ya paa. Jiko la mlango lililotengenezwa vizuri hubakiza zaidi ya nusu ndani. Bomba lake ndilo liwe kipimo cha njia yote ya moshi: likimwaga moshi kwenye dohani pana mno, moshi unapoa njiani na mvuto unaanguka tena, kwa hiyo ni bora bomba hilo lipandishwe ndani ya dohani ya zamani hadi juu.