Laptop haiwaki, basi? Maana ya kuokoa data

Hapa Tanga siku hizi kila laptop inayogoma kuwaka inapelekwa mjini "kurikava data". Chaja imeungua, wanarikava. Kioo kimepasuka, wanarikava. Juzi kwenye daladala ya Raskazone kijana alikuwa anamsimulia mwenzake kwamba kompyuta ya ofisini kwao imezima, "data zote zimepotea", na sasa wanatafuta mtu wa kurikava. Nikamuuliza diski ina tatizo gani. Akanitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. Diski? Laptop haiwaki, mzee wangu, diski inaingiaje hapo?

Haiingii, na hapo ndipo penye shida ya neno lenyewe.

Kuokoa data, au kurikava kama wasemavyo mafundi, ni kuyapata tena mafaili ambayo diski, kiungo kinachoyahifadhi, haiwezi kuyatoa kwa njia ya kawaida: yamefutwa, diski imefomatiwa, orodha inayoonyesha faili gani limekaa wapi imevurugika, au diski yenyewe imeumia. Maana yake imeishia hapo. Mafaili yaliyokaa salama ndani ya mashine iliyokufa hayamo.

Laptop isiyowaka kwa kawaida ina tatizo la umeme. Chaja imekufa, tundu la chaja limelegea, betri imechoka, bodi imepigwa na umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika, au ramu imekaa vibaya. Kwetu pwani ongeza chumvi na unyevu. Ukifungua laptop iliyokaa miaka karibu na bahari utakuta miguu ya vipande kwenye bodi imeota kutu ya kijani. Diski ni kiungo kingine kabisa. Ina nyumba yake ya bati au kibao chake, na mara nyingi hata haina habari kwamba bodi imekufa. Basi likiharibika Segera, abiria hasemi mzigo wake umepotea. Anafungua buti, anautoa, anapanda basi jingine.

Utengano huu haukuletwa na mafundi wa Ngamiani. Diski ya kwanza ya sumaku kuuzwa pamoja na kompyuta, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa kabati zima linalosimama peke yake, lenye sahani 50 za upana wa inchi 24 kila moja, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 hivi. Leo picha moja ya simu inaweza kulijaza kabati lile. Kompyuta ilikuwa huku na kumbukumbu iko kule, zimeunganishwa kwa nyaya, na hakuna aliyedhani kwamba moja ikizima nyingine imefutika. Miaka ilivyokwenda sahani zikapungua hadi inchi 2.5, zikaingia chini ya kibodi, mtu akawa anaona kitu kimoja tu mapajani mwake. Udogo umetudanganya. Lakini ndani bado ni vitu viwili.

Kwenye laptop nyingi zilizozagaa mjini hapa, hasa zile zilizoingia zikiwa zimeshatumika nje, diski ni kibati cha inchi 2.5 chenye mdomo wa SATA. Mdomo huo ni uleule wa diski za kompyuta za mezani, kwa hiyo unaweza kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani yenye mdomo huo, au ukatumia waya wa kutoka SATA kwenda USB na kuisoma kama flashi. Laptop mpya zaidi zina kibao chembamba cha M.2, mara nyingi chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80, nacho kina kesi yake ya USB. Fundi anafungua skrubu kadhaa, anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine nzima. Windows ikisema huna ruhusa ya kufungua folda la mtumiaji, anabonyeza kuendelea, anasubiri. Mafaili ni yale yale, na majina yake, kwenye mafolda yake. Hapo pametolewa mafaili. Hapakuokolewa kitu, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinazama.

Najua kuna watakaosema haya ni mabishano ya maneno tu. Yangekuwa hivyo kama neno lisingebadilisha bei, na kama lisingebadilisha kazi yenyewe. Bei kwanza: kazi ikishaitwa kurikava inapanda ngazi, na msemo wetu wa waja leo waondoka leo unaishia mlangoni pa fundi, maana laptop inalazwa wiki nzima. Kazi ndiyo mbaya zaidi. Fundi mgeni wa kazi akiambiwa "rikava" anafungua programu ya kuchakura diski kipande kwa kipande, kwenye diski ambayo haina ugonjwa wowote. Programu za namna hiyo, zikichakura bila kufuata orodha ya mafaili, zinatambua picha kwa umbo lake na hazijui iliitwaje wala ilikaa folda gani. Mteja anarudishiwa lundo la picha na nyaraka zenye majina ya tarakimu tupu, zimechanganyika na vijipicha vya kurasa za intaneti alizotembelea mwaka juzi. Anashukuru, analipa, kisha anakesha akitafuta mtihani wa kidato cha pili ndani ya lundo hilo. Kunakili tu kungemaliza kazi kwa muda wa kunywa kahawa.

Kuna na lingine linaloniudhi kuliko hilo. Watu husema "haiwaki" kwa mashine inayowaka. Taa inaonekana, feni inavuma, kioo cheusi: chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni ya sebuleni kwanza, huenda ni kioo tu kilichokufa na mashine inafanya kazi muda wote. Au inawaka, inaonyesha nembo, Windows haifunguki, inajizungusha hapo hapo. Hii nayo inaitwa haiwaki, na dawa yake mtaani inajulikana: "tuipige Windows", yaani kuiweka Windows upya. Ndugu yangu, kuipiga Windows kabla ya kutoa mafaili ndiko kunakoizaa kazi ya kuokoa data. Mashine ya namna hiyo unaweza kuiwasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine usio Windows, Ubuntu kwa mfano, bila kugusa chochote ndani ya diski, ukanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Halafu piga Windows mara saba ukipenda.

Faili likifutwa kwenye diski ya sahani, kwa kawaida linaondolewa kwenye orodha tu, na nafasi yake inatangazwa kuwa wazi. Yaliyokuwamo yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hapo ndipo mwokoaji wa kweli anapopata riziki, na Windows mpya ikishaandikwa juu ya nafasi hiyo, sehemu hiyo ya riziki imekwenda. Kwenye SSD, diski isiyo na sahani, hali ni ngumu zaidi. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 mfumo huiambia SSD kwamba nafasi fulani haitumiki tena, nayo SSD huisafisha yenyewe kwa wakati wake. Mafaili ambayo jana yalihitaji kunakiliwa tu, leo hayana wa kuyaokoa.

Vivyo hivyo, diski ikichomekwa kwenye mashine nyingine, wakati mwingine Windows inaleta kisanduku kinachosema diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Usikubali. Pengine diski imetoka kwenye Mac, kompyuta za Apple, ambazo tangu 2017 zinatumia mpangilio ambao Windows haiusomi, au imetoka kwenye Linux, au orodha yake imeguswa kidogo. Kisanduku hicho kinauliza kwa adabu sana, na ndiyo maana watu wanabonyeza ndiyo.

Sasa nikubali kwamba kuna mashine ambazo tofauti yangu inaanza kuchechemea. Laptop nyingi za Windows 11, mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, zinajifunga diski zenyewe kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoyafanya mafaili yasisomeke bila ufunguo, na mwenyewe hana habari. Ufunguo unatunzwa na chipu iliyo kwenye bodi. Ukichomoa diski na kuipeleka kwingine inakudai tarakimu 48. Mafaili yapo, diski ni nzima, na bado huyasomi. Dawa yake haimo dukani kwa fundi: ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, ufunguo kwa kawaida umehifadhiwa humo. Ukiwa humo, tazama na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, huenda nyaraka ulizozililia zimeshapanda huko zamani. Ufunguo usipopatikana popote, anayekuahidi kuuvunja, awe wa Tanga au wa Ulaya, anakuuzia matumaini.

Halafu kuna MacBook. Zile zenye chipu ya T2, zilizoanza 2018, na zile za M1 zilizotoka 2020, hazina diski ya kuchomoa. Hifadhi imelehemiwa kwenye bodi na imefungwa kwa funguo zilizo ndani ya chipu ileile. Laptop ndogo za bei nafuu zenye eMMC, hifadhi ya chipu kama ya simu, nazo zimelehemiwa hivyo hivyo. Hapa bodi lazima ifufuliwe, angalau iwake muda wa kunakili. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi, mwenye darubini na mkono uliotulia, na bei yake kubwa ni halali. Hata hivyo bado ni kutengeneza mashine ili mafaili yatoke. Aliyezoea programu ya kuchakura hana la kufanya hapo.

Kuokoa data kwa maana yake kamili utakutambua kwa sikio. Diski ya sahani ikigonga tak, tak, tak, au ikikwaruza, zima. Usiiwashe tena kuhakikisha. Kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya moshi, na kikishaanguka kila mzunguko unakwangua kitu. Diski kama hiyo haifunguliwi juu ya meza yenye vumbi la mtaani, wala haiwekwi kwenye friza kama wanavyoshauriana watu, maana unyevu ukiganda juu ya sahani umeongeza msiba. Inafunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi, na kama bado inasomeka kidogo, kwanza inanakiliwa nzima kwenye diski nyingine, halafu upekuzi unafanywa kwenye nakala. Huyo anayefanya haya ndiye mwokoaji, na sina ugomvi naye wala na bei yake.

Kwa hiyo, shangazi au mwalimu mwenye laptop iliyozima mezani, ukifika kwa fundi usianze na neno rikava. Mwambie: "Bwana fundi, mashine haiwaki. Naomba diski itolewe, mafaili yanakiliwe kwenye hii diski ya nje niliyokuja nayo, kisha tuzungumze habari ya kuitengeneza." Akikujibu kwamba hiyo ndiyo kurikava, muulize kwa upole diski imeonyesha kasoro gani.