Huu mti wa paini utazaa mbegu kweli? Ninavyokadiria kabla ya kuuchagua

Kwenye kuchagua miti ya paini ya shamba la mbegu (shamba la miti bora inayopandwa ili kuvuna mbegu), watu wengi macho yako kwenye shina tu. Limenyooka? Mti umewapita wenzake? Matawi membamba, hauna ugonjwa? Safi, kata vikonyo (vipande vya tawi), bebesha kwenye miche mingine, panda. Miaka inapita unaingia kuvuna unakuta kloni chache (kloni ni nakala zilizobebeshwa kutoka mti mmoja) ndo zimebeba koni, vile vigumba vya magamba vyenye mbegu, nyingine zimesimama tu, za kijani, nzuri kabisa, hamna kitu. Wanaoendesha mashamba haya wana kanuni yao ya mdomoni, kwamba asilimia 20 ya kloni hutoa asilimia 80 ya mbegu, na ingawa sio sheria ya maumbile haiko mbali na yanayoonekana shambani.

Sasa piga hesabu kidogo. Una kloni 50, kumi kati yake zinatoa asilimia 80 ya mbegu na arobaini zilizobaki zinagawana ile 20. Chukua mchango wa kila kloni, uzidishe kwa wenyewe, jumlisha zote, halafu gawanya moja kwa hiyo jumla: unapata 15 na kidogo. Yaani kwenye karatasi una kloni 50 ila upande wa mama mbegu zako ni kama zimetoka kwenye shamba la kloni 15. Na kama hizo kumi kwa bahati mbaya sio zile zinazokua vizuri, faida yote uliyoitafuta kwenye uchaguzi inabaki juu ya miti isiyozaa.

Kwa hiyo swali la uzaaji liulizwe mapema. Tatizo ni kwamba mapema hakuna mbegu za kuhesabu, kuna mti mmoja msituni umebanwa na majirani. Paini inaweka koni kwa wingi matawi ya juu yanayopata jua (maua dume yanakaa zaidi chini), sasa mti uliosimama pembeni ya barabara utakuwa umejaa koni na wa katikati ya msitu una chache, na hiyo tofauti ni ya jua, sio ya damu. Halafu kuna aina kama Pinus patula na Pinus radiata ambazo koni zake zinabaki zimefunga mtini miaka na miaka, unaona rundo unasema huu mzazi kumbe ni akiba ya miaka mingi. Mimi koni za mti wa msituni nazitumia kwa jambo moja tu: mti mkubwa, wenye jua la kutosha, majirani zake wa umri ule ule wamezaa na wenyewe hauna hata koni kuukuu, huo nauwekea alama ya swali. Zaidi ya hapo sihukumu.

Kitu ambacho wengi hawakitumii ni kusoma tawi. Koni ya paini inachukua muda mrefu mno, kichipukizi chake kinaanza msimu mmoja, kinapata chavua msimu unaofuata, halafu utungisho wenyewe unasubiri karibu mwaka mzima ndo koni ianze kunenepa, kwa hiyo kuanzia kichipukizi mpaka mbegu imekomaa ni zaidi ya miaka miwili. Faida yake ni kwamba ukivuta tawi moja la juu unaona vizazi kadhaa kwa pamoja: nchani kuna vikoni vya mwaka huu, vidogo kama punje ya maharage, nyuma yake koni za kijani za mwaka jana, nyuma zaidi zile kuukuu zilizofunguka au makovu zilipodondokea. Hesabu vikoni, hesabu za kijani, hesabu makovu. Ukiona kila mwaka vikoni ni vingi lakini za kijani ni chache, jua huo mti unachanua ila unamwaga njiani, labda chavua haikutosha, labda wadudu. Angalizo, kuna aina zinazochipua mara kadhaa kwa mwaka mmoja, kama Pinus taeda, kwa hiyo usihesabu kila pingili ukadhani ni mwaka.

Kipimo ninachokiamini hasa ni miche iliyobebeshwa yenyewe. Hapo una nakala kadhaa za kloni moja, zimepandwa sehemu tofauti za shamba, mwanga sawa, mbolea sawa, basi tofauti inayobaki kati ya kloni na kloni sehemu kubwa ni ya urithi. Uzaaji wa koni kwenye paini unarithika vya kutosha, kloni iliyoongoza mwaka mmoja kwa kawaida inakuwa juu mwaka mwingine pia, hata kama kwa jumla mwaka ulikuwa mbovu. Mwaka mmoja hautoshi lakini bana, hali ya hewa ya msimu wa vichipukizi inapandisha na kushusha kila kitu, na miche midogo inaanza na maua jike wakati maua dume bado, kwa hiyo mbegu za mwanzo sio kipimo cha haki. Mimi nataka hesabu za misimu isiyopungua mitatu, na nalinganisha nafasi ya kloni ndani ya kila msimu, sio idadi tupu.

Halafu koni sio mbegu. Kila gamba la koni linalobeba lina vijiyai viwili, na kijiyai ndicho kinachokuja kuwa mbegu, kwa hiyo hesabu magamba yanayobeba zidisha mara mbili, hapo unajua koni ilikuwa na uwezo wa mbegu ngapi. Pinus taeda inafika kama 150 hivi. Chukua koni iliyokomaa ambayo bado imefunga, ipasue kwa urefu katikati, angalia uso uliokatwa: mbegu nzima ina kiini cheupe kigumu kimejaa ganda, pepe, yaani mbegu tupu, lina ganda zuri tu lakini ndani hewa au kijingozi kilichosinyaa. Hayo mapepe yanaongea. Kijiyai kilichokosa chavua kinakufa mwaka wa kwanza na hakifiki kujenga ganda la saizi kamili, kwa hiyo ukikuta mapepe makubwa ujue uchavushaji ulikuwepo ila kiinitete kilikufa baadaye, na mshukiwa mkubwa ni mti kujichavusha wenyewe, maana paini imebeba vinasaba vingi vya kuua vinavyojitokeza hapo. Mshukiwa wa pili ni kunguni wanaofyonza mbegu. Eksirei inakuonyesha haya bila kupasua kitu, ila kisu kinatosha kuanzia.

Tuseme kloni moja ina koni 400 zenye mbegu nzima 20 kila moja, ni 8,000. Nyingine ina koni 150 tu zenye mbegu 70, ni 10,500. Kwa kuhesabu koni peke yake ungeikata ya pili!

Kwenye uchaguzi wenyewe huu uzaaji siupi uzito sawa na ukuaji. Nauweka kama kizingiti: kloni ikivuka, basi, ishindane kwa shina na ujazo, sikimbizani na bingwa wa koni kwa sababu huyo ndo anakuja kumeza shamba zima. Iliyo chini ya kizingiti lakini inakua vizuri mno siitupi haraka, inaweza kuongezewa nakala, au ibaki kwa ajili ya chavua kama maua dume inayo, au ipigwe homoni ya jiberelini ya kuchochea maua, na kwa paini ni ule mchanganyiko wa GA4 na GA7 (GA ni kifupi cha jiberelini, namba ni aina yake), sio GA3 ambayo watu wanaizoea kwa jamii ya misaiprasi halafu wanalalamika haifanyi kazi.