Kuandika makovu ya vita: dhana potofu na ukweli

"Damu ikiwa nyingi, hadithi inakuwa ya kweli zaidi." Dhana hii ndiyo inayoharibu hadithi nyingi kuhusu vita vya kundi la waasi la LRA (Lord's Resistance Army) kaskazini mwa Uganda. Msomaji akilishwa mateso ukurasa baada ya ukurasa, moyo hufa ganzi; hamwoni tena mtu, anaona maiti tu. Kovu hujionyesha baadaye, katika mambo madogo. Muuza samaki wa Gulu hakubali kuketi akiipa barabara mgongo. Binti yake akichelewa kisimani, anaacha samaki juu ya meza na kutoka mbio. Msomaji ameshaelewa. Tukio lenyewe lipe sentensi mbili, tena kwa kuchelewa.

"Aliyepitia vita lazima awe amevunjika." Si kweli. Wengi wanaopatwa na mambo mazito hawapati ugonjwa wa kiwewe cha kudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watoto, wakikwepa kutekwa na waasi, walitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu, kwenye veranda na katika hospitali ya Lacor. Mhusika wako akiwa mmoja wao, mwache awe pia na utani, wivu na deni dukani.

"Mtesaji ni huyu, mwathirika ni yule." Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule, kisha akawa kamanda wao. Mei 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Hadithi inayostahili kusomwa huyabeba yote mawili, bila kumtakasa na bila kusahau kwamba aliwahi kuwa mtoto wa mtu.

"Tambiko likifanyika, yamekwisha." Katika nyono tong gweno, tambiko la Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, anayerudi nyumbani hukanyaga yai bichi. Hayo ni makaribisho, na ni mazito kweli. Lakini hayafuti ndoto za usiku wala hayamrudishi aliyezikwa.

"Nimebuni, kwa hiyo sidaiwi na mtu." Mnamo Oktoba 1996 wasichana 139 walitekwa na LRA shuleni Aboke, kaskazini mwa Uganda, 109 waliachiliwa baada ya mtawa wao kuwafuata watekaji porini, 30 wakabaki. Waliorudi ni watu wazima sasa, wana watoto na majirani. Ukibadilisha jina huku shule na mwaka vikibaki vilevile, umemtaja. Aliyekusimulia mwombe ruhusa, kisha msomee ulichoandika. Akisema sehemu fulani iondoke, iondoe, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote.