Ushauri wa Lishe Kinga ni Nini?

Ushauri wa lishe kinga ni huduma ambayo mtaalamu wa lishe humpa mtu asiyeumwa, au aliyeanza tu kuonyesha viashiria vya hatari, ili ulaji wake urekebishwe kabla kisukari, shinikizo la juu la damu au maradhi ya moyo hayajamfika. Lishe tiba ni jambo jingine, kwani humhusu mgonjwa ambaye chakula chake hupangwa sambamba na dawa. Katika kliniki binafsi mtu huja kwa hiari na hulipa mwenyewe, mara nyingi kwa sababu mzazi wake ana kisukari naye anahofu kuurithi ugonjwa huo.

Kiini cha kazi hii ni mazungumzo. Baada ya kupima uzito, urefu na mzunguko wa kiuno, mtaalamu huuliza mteja amekula nini tangu jana asubuhi, nani amepika na kwa mafuta kiasi gani. Kwa mkazi wa Tanga, jibu linaweza kuwa chai na maandazi asubuhi, wali wa nazi na samaki mchana, bada (ugali wa muhogo) kwa ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) usiku. Katika chakula hicho hakuna cha kupigwa marufuku, na mshauri anayeanza kwa kumkataza Mtanga nazi hajui kazi yake. Kinachochunguzwa ni kiasi, mapishi na kile kinachokosekana, ambacho kwa kawaida ni mboga za majani na matunda, ingawa machungwa ya Muheza yamejaa sokoni.

Chukua chai peke yake. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4 hivi, kwa hiyo anayekunywa vikombe 3 kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko 3, amekula gramu 36 kabla hajagusa soda wala kashata. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Chumvi nayo isifike gramu 5 kwa siku, ndiyo maana ng'onda huhitaji kulowekwa, maji yake yakamwagwa, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Wali nao unaweza kupikwa kwa tui jepesi, lile zito likabaki kwa siku za shughuli.

Mabadiliko madogo kama haya yana ushahidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia hiyo 7 ni kilo 5.6 tu.

Watu hao hawakuachwa peke yao baada ya kikao kimoja, walifuatiliwa. Kwa hiyo kliniki isiyopanga miadi ya kurudi, au inayomaliza mazungumzo kwa kuuza kopo la unga wa kukata tumbo, haitoi ushauri wa lishe kinga. Vilevile, mshauri mwaminifu akiona sukari ya damu ya mteja aliyefunga usiku kucha imefika milimoli 7.0 kwa lita, kiwango kinachoashiria kisukari, humpeleka kwa daktari athibitishe.