Uchaguzi kwenye vyama vya Wayahudi: kabla ya kura tuangalie daftari

Ukimtajia mtu uchaguzi wa haki, akili yake inakimbilia kwenye sanduku, nani kahesabu, nani kaiba, lakini sisi tunaotoa elimu ya uchaguzi wa vyama tunajua mambo yanaharibika mapema zaidi, pale kwenye daftari, nani anahesabiwa mwanachama na nani hahesabiwi. Vyama vya Wayahudi vinalionyesha hili vizuri sana maana watu hawa wamechaguana ndani ya jumuiya zao kwa karne nyingi.

Kwenye Talmud, yaani kitabu cha mafundisho na sheria za dini ya Kiyahudi, sehemu ya Berakhot, kuna maneno ya Rabi Yitzhak kwamba kiongozi hawekwi juu ya jumuiya mpaka jumuiya yenyewe iulizwe kwanza. Sawa, ila jumuiya ni akina nani? Hapo ndo penye kazi. Zamani kule Poland na Lithuania walikuwa wanaweka majina kwenye chombo, yanachomolewa machache kwa bahati, na hao waliochomolewa ndo wanakaa kuwachagua wazee wa jumuiya, na kulikuwa na masharti ya kuzuia ndugu kujazana kwenye nafasi. Mi naona ni kinga nzuri ya rushwa, utamhonga nani wakati hujui jina la nani litatoka? Lakini sasa majina yenyewe yaliyoingia mle chomboni yalikuwa ya wanaume walipa kodi, fundi maskini na mkewe hawamo, kwa hiyo bahati nasibu ilikuwa safi na daftari ndo lilikuwa na kasoro.

Harakati za Kizayuni, yaani za kuwatafutia Wayahudi nchi yao, zilipoanza, mkutano wa kwanza ukafanyika Basel, Uswisi, mwaka 1897 chini ya Theodor Herzl, na baadaye wakaja na utaratibu wa shekeli, yaani unalipa ada ndogo ya mwaka, unakuwa na haki ya kuchagua wajumbe. Wanawake walihudhuria ule mkutano wa kwanza bila kura, wa pili mwaka 1898 wakapewa, wakati mwanamke wa Uingereza alisubiri kura ya bunge mpaka 1918! Ajabu ni kwamba vyama vingine vya Kiyahudi vilichelewa mno, ile Bodi ya Manaibu ya Wayahudi wa Uingereza, chombo cha kuwawakilisha Wayahudi wa kule, ipo tangu 1760 na rais wake wa kwanza mwanamke, Jo Wagerman, alichaguliwa mwaka 2000, na masinagogi ya United Synagogue, umoja wa masinagogi kule kule Uingereza, ni mwaka 2012 ndo yalikubali mwanamke awe mwenyekiti wa sinagogi. Mwanamke analipa ada, anapika, anafundisha watoto, halafu uenyekiti haupati. Hapo hata uwe na masanduku ya kioo bado siuiti uchaguzi wa haki.

Sasa kuna kura moja inatuhusu sisi huku Afrika Mashariki moja kwa moja. Agosti 1903, mkutano wa sita wa Kizayuni, Basel tena, Herzl kaleta ofa ya serikali ya Uingereza, kipande cha ardhi cha kuwahifadhi Wayahudi waliokuwa wanauawa Urusi, watu wanaita mpango wa Uganda lakini eneo lenyewe lilikuwa nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Kura ikapigwa kama watume tume ikapaangalie, 295 wakakubali, 178 wakakataa, wengine karibu mia hawakupiga upande wowote, na wajumbe waliotoka Kishinev, mji wa Urusi ya wakati ule ambako Wayahudi walikuwa wametoka kushambuliwa miezi michache tu nyuma, wao wenyewe walikataa. Wapinzani wakatoka ukumbini, wengine wanalia, na Herzl akawafuata kuzungumza nao. Tume ikaja ikaangalia, ripoti ikarudi, mkutano wa saba mwaka 1905 ukaikataa ofa, na walioitaka wakajitenga wakaunda chama chao chini ya Israel Zangwill. Kwa utaratibu wa ndani siwezi kuwalaumu, hoja ilikuwa wazi, hesabu ilikuwa wazi, uamuzi mkubwa ulisubiri ripoti. Ila Wanandi na Wamaasai wa zile nyanda hakuna aliyewauliza kitu, na kura ya wanachama hata iwe safi vipi haiwezi kugawa shamba la mtu ambaye hayumo kwenye daftari.

Tukija siku hizi, Wayahudi wa Marekani walichagua wajumbe wa mkutano huo huo wa Kizayuni mwaka 2025, mtandaoni au kwa posta, kuanzia Machi 10 mpaka Mei 4, viti 152 vinagawanywa kwa uwiano wa kura za kila orodha ya wagombea. Mpiga kura awe na miaka 18, ajitambulishe kuwa Myahudi, akubali misingi ya harakati na alipe dola 5. Huo muda mrefu una maana yake, Myahudi anayeshika dini hapigi kura siku ya Sabato, kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku, haandiki wala hagusi kompyuta, na ndani ya kipindi hicho Pasaka yao ilikuwemo. Ndo maana pia ukiwa msimamizi wa sinagogi usithubutu kuweka uchaguzi Jumamosi asubuhi eti kwa sababu watu wote wapo, wapo ndio, lakini kalamu hawashiki, weka Jumapili.

Kwenye dola 5 nako ndo pakavuja. Ada ndogo inafungua mlango kwa maskini lakini pia inamrahisishia mwenye hela kuwalipia wengine, na kweli yakaibuka malalamiko ya kura za mashaka na nyingine zikafutwa. Mi bado naona ada ndogo ni bora kuliko kubwa, ila malipo yalinganishwe na jina na anwani siku ile ile yanapoingia, sio baada ya matokeo, na malalamiko yasikilizwe na chombo ambacho hakina mgombea ndani yake, yaishe kabla wajumbe hawajakaa vitini, kwa sababu mjumbe akishapiga kura ya bajeti hata ukimtoa kesho ile kura yake imeshapita.