Kolinesterasi ni nini?

Mtu akifikishwa hospitalini Nairobi anatokwa mate na jasho jingi, mboni za macho zimesinyaa na misuli inachezacheza, daktari huuliza mapema: amepulizia mboga dawa ya wadudu, au ameinywa? Kipimo kimoja anachoweza kuagiza ni kolinesterasi.

Neva ikitaka msuli ukaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini katika upenyo mdogo ulio kati yao. Isipoondolewa upesi, msuli haulegei. Kinachoiondoa ni kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Molekuli yake moja huvunja maelfu ya asetilikolini kwa sekunde, na vinavyobaki ni kolini, ambayo neva huivuta ndani na kuitumia upya, pamoja na asetati, jamaa ya asidi iliyomo kwenye siki. Henry Dale wa Uingereza alishuku tangu 1914 kwamba damu ina kimeng'enya cha namna hii, kwa jinsi asetilikolini ilivyopoteza nguvu haraka mwilini.

Damu ina vimeng'enya viwili vya namna hii, jina lao la pamoja ni kolinesterasi, na watu wengi huvichanganya. Asetilikolinesterasi, ile ile ya kwenye neva, imeshikamana na utando wa seli nyekundu. Cha pili, butirilikolinesterasi, hutengenezwa na ini na kuelea katika plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Kazi kubwa hufanyika kwenye neva kwenyewe, na asetilikolini inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Mbona basi tupime damu? Kwa sababu neva ya mgonjwa huwezi kuikata uipeleke maabara.

Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti hukwama pale pale kimeng'enya kinapofanyia kazi, zikakizima kote mwilini. Za karbamati huachia zenyewe baada ya saa kadhaa. Oganofosfeti zikikaa, nyingine haziachii tena. Cha plazima hurudi baada ya wiki chache, maana ini hutengeneza kingine, ila hushuka pia kwa ugonjwa wa ini, ujauzito au utapiamlo. Seli nyekundu haina kiini, haiwezi kujitengenezea kipya; lazima usubiri seli mpya, na moja huishi siku 120 hivi. Ndiyo maana kipimo chake hueleza hali ya neva vizuri zaidi. Watu hutofautiana sana, kwa hiyo mpuliziaji dawa afadhali apimwe kabla hajaanza kazi, apate cha kulinganisha. Aliyezidiwa hasubiri majibu: huanzishiwa atropini, ambayo hukinga viungo dhidi ya asetilikolini iliyofurika, japo haikifufui kimeng'enya.

Kwenye chumba cha upasuaji, butirilikolinesterasi huvunja suksametonia, dawa ya kulegeza misuli wakati wa nusukaputi, kwa dakika chache tu. Wachache waliorithi kimeng'enya dhaifu hubaki wamelegea kwa saa kadhaa, mashine ikiwapumulia, na ndugu zao wa damu hushauriwa wapimwe pia.