Kukadiria ukubwa na idadi ya feni katika modeli ya nishati ya jengo

Modeli ya nishati ni hesabu ya kompyuta inayokadiria umeme ambao jengo litatumia katika saa zote 8,760 za mwaka. Humo, feni ni namba nne tu: kiasi cha hewa inayosukumwa, shinikizo ambalo feni lazima ilishinde, ufanisi, na ratiba ya kuwaka. Kukadiria ukubwa ni kuzipata tatu za kwanza. Kuhesabu ni kuamua feni ngapi za jengo halisi zisimame kama feni moja ya modeli, na hapo ndipo wengi huteleza.

Tuanze na ukubwa. Zidisha mtiririko wa hewa (mita za ujazo kwa sekunde) kwa shinikizo (paskali), ugawanye kwa ufanisi wa feni na mota yake kwa pamoja. Mita 1 ya ujazo kwa sekunde, paskali 500, ufanisi 0.5: wati 1,000. Usiingize namba ya kwenye kibati cha mota. Hiyo ni nguvu ambayo mota inaweza kutoa, nayo huchaguliwa kubwa kuliko kazi iliyopo. Kumbuka pia kwamba mota ikiwa ndani ya njia ya hewa, wati hizo 1,000 huishia kuwa joto na kuipandisha hewa takriban nyuzi 0.8, mzigo ambao kipoza hewa kitaulipia tena.

Ukiiachia programu ipange ukubwa yenyewe, itakupa mtiririko. Shinikizo na ufanisi hubaki vile ulivyoviingiza au vile programu ilivyokuja navyo, hata kama mifereji yako ni mirefu na vichujio ni vizito.

Sasa idadi. Chukua feni 40 ndogo za kutoa hewa vyooni, kila moja lita 25 kwa sekunde, paskali 60, wati 12. Jumla ni mita 1 ya ujazo kwa sekunde na wati 480. Ukiziunganisha kuwa feni moja na kuacha ufanisi wa 0.6, modeli itasema wati 100. Karibu nne ya tano ya umeme imeyeyuka, kwa sababu feni ndogo hizo zina ufanisi wa 0.125 tu. Kuunganisha si kosa. Ingiza ufanisi huo halisi na jumla itarudi.

Ila unganisha zile tu zinazofanana kwa shinikizo, ratiba na namna ya kudhibitiwa. Feni 10 za kuwasha na kuzima, 5 zikiwaka, hula nusu ya umeme. Feni moja inayobadili kasi, ikishuka hadi nusu ya mtiririko, kinadharia hula asilimia 12.5 tu, maana nguvu hufuata kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu: 0.5 × 0.5 × 0.5. Ukiziweka zile 10 kama hii moja, modeli inakupa akiba ambayo haipo. (Hata feni halisi ya kubadili kasi haifikii 12.5 pale kidhibiti kinaposhikilia shinikizo lisishuke kwenye mfereji.)

Makosa ya kuhesabu mara mbili ni ya aina mbili kuu. Kwanza, ghorofa moja imechorwa na kupewa kizidishi cha 8, yaani modeli iihesabu mara 8 badala ya kuchora ghorofa zote, kisha mtu anaingiza humo feni za jengo zima: umeme wake unatoka mara 8. Pili, kipoza hewa ambacho ufanisi wake uliotangazwa tayari umejumuisha feni ya ndani; ukiongeza feni pembeni bila kuitoa kwenye ufanisi huo, umeilipia mara mbili.

Kukagua ni rahisi. Gawanya kilowati-saa za feni kwa saa ilizowaka kwa mtiririko kamili, halafu kwa mtiririko wenyewe. Kwa zile za vyooni, saa 3,000 zitoe kilowati-saa 1,440, yaani kilowati 0.48 kwa kila mita ya ujazo kwa sekunde. Ikitokea 0.1, angalia ufanisi, ikitokea 3.84, ni kizidishi.